Sikiliza Kabla ya Kufungua: Milio ya Klachi na Maana Yake

(Hotuba iliyotolewa ukumbini na mwanachama wetu, mtumishi wa serikali, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani.)



Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumzie jambo lolote lenye manufaa kwa wanachama na kwa wanafunzi. Bila shaka wengi mlitarajia kwamba mtumishi wa serikali akipewa jukwaa atazungumza juu ya nidhamu kazini au nafasi za ajira. Hayo mmekwisha kuyasikia, na leo mtayasikia tena kwa watakaonifuata. Mimi nimechagua kuzungumza juu ya kelele. Nina maana ya kelele za klachi ya pikipiki, hasa pikipiki kubwa ya safari, ile inayofungwa mizigo pande zote mbili ikaondoka Dar es Salaam alfajiri na kulala Iringa.

Wapo watakaoona kuwa hili ni jambo dogo kwa mkutano mkubwa kama huu. Naomba niwatoe wasiwasi. Mwenye pikipiki akisikia mlio asioujua, yumo hatarini kupata mojawapo ya hasara mbili. Hasara ya kwanza ni ya yule anayesema, "Itaisha yenyewe," akaendelea na safari mpaka chombo kikamlaza porini. Hasara ya pili ni ya yule anayeingiwa na hofu, akakimbilia gereji, akafunguliwa injini na kuuziwa vipuri vipya kwa ugonjwa ambao pikipiki yake haikuwa nao. Wa kwanza amempuuza shahidi. Wa pili ametoa hukumu kabla shahidi hajamaliza kusema. Hotuba yangu ina neno moja tu, na mengine yote ni maelezo yake: mlio ni shahidi, na shahidi huhojiwa kwa utaratibu kabla ya hukumu.

KLACHI NI KITU GANI

Kabla ya kumhoji shahidi, sharti tumjue. Injini ikiwaka huzunguka wakati wote, lakini gurudumu mara lazunguka, mara lasimama. Klachi ni mlango ulio kati ya injini na gia. Ukiuachia mkono wa klachi, mlango umefunguliwa na nguvu inapita. Ukiubana, mlango umefungwa.

Katika pikipiki nyingi za leo, tangu ile ya bodaboda ya sisi 125 inayowapeleka wadogo zangu mjini hadi ile ya safari ya sisi 1,300, klachi ni ya ukoo mmoja: pleti nyingi zinazoogelea katika oili ya injini. Tofauti kubwa ni idadi na ukubwa wa pleti. Nimekuja na klachi kuukuu, hii hapa mezani. Hili ni bakuli la klachi. Mnaona kingo zake zimechanwa pande zote, zikawa kama vidole vilivyosimama. Bakuli hili huzungushwa na injini bila kupumzika. Ndani yake hupangwa pleti za aina mbili kwa kupishana, kama sahani kabatini. Hizi za msuguano zina masikio kwa nje, nayo huingia kati ya vidole vya bakuli. Kwa hiyo huzunguka pamoja na bakuli. Hizi za chuma kitupu zina meno kwa ndani, nayo hushika kitovu hiki kilichofungwa kwenye shafti inayoingia katika giaboksi. Springi huzibana zote pamoja zikawa kitu kimoja. Ukibana mkono wa klachi, kifuniko kinachozibana huondolewa kidogo, pleti zinaachana, na injini inazunguka peke yake.

Tazameni mambo mawili zaidi. Nyuma ya bakuli pana gia kubwa, na kati ya gia hiyo na bakuli kuna springi fupi nene zinazopunguza mishtuko ya injini. Kisha, hapa katikati ya kifuniko, pana beringi ndogo ambayo hufanya kazi wakati mkono wa klachi umebanwa tu. Yakumbukeni hayo mawili, springi za bakuli na beringi ya kuachanisha, kwa sababu kesi nyingi huishia kwa mmoja wao.

Upo pia ukoo wa pili, klachi kavu, isiyoingia oili. Kampuni ya BMW ya Ujerumani ilitumia klachi kavu nyuma ya injini, kama ya gari, katika pikipiki zake za silinda mbili za kulala kwa miongo mingi, mpaka R 1200 GS ya mwaka 2013 ilipokuja na klachi ya pleti nyingi zenye oili, tena mbele ya injini. Ducati ya Italia nayo iliweka klachi kavu hata katika ST2 ya mwaka 1997, ambayo ni pikipiki ya safari. Nitaeleza baadaye kwa nini ni muhimu kujua ukoo wa klachi yako kabla ya kuogopa sauti yake.

MASWALI MANNE

Haya, pikipiki inalia. Usishike spana. Iweke mahali tambarare, nje, penye hewa. Kamwe usiiwashe ndani ya chumba kilichofungwa, maana moshi wa injini huua bila kunuka kama sumu. Magurudumu yote mawili yawe chini. Iache injini ipate moto kwanza. Chukua daftari na kalamu, kisha uliza maswali manne kwa mpangilio.

Swali la kwanza huulizwa kwa mkono wa klachi. Gia iwe huru, ile mafundi wanayoiita nyutro, na injini ingurume taratibu bila kuongezewa mafuta. Sikiliza ukiwa umeuachia mkono. Kisha ubane polepole mpaka mwisho. Je, mlio umetoweka? Umetokea? Umebadilika? Au umebaki vilevile? Andika. Ukibaki vilevile kabisa, yaelekea klachi haina hatia. Mtafute mwingine: cheni ya ndani ya injini, vali, au bati la kukinga joto la ekzosi lililolegea boliti. Bati hilo limewahi kusingizia klachi nyingi.

Swali la pili huulizwa kwa gia. Ukiwa umebana klachi na breki, ingiza gia ya kwanza bila kuondoka. Sasa gurudumu limeishika shafti ya giaboksi, haiwezi kuzunguka, wakati bakuli la klachi bado linazunguka na injini. Kwa tendo hilo moja mmewatenganisha mashahidi wawili waliokuwa wakisema pamoja. Sauti inayoendelea sasa haitoki kwenye beringi za shafti ile.

Swali la tatu huulizwa kwa mafuta. Rudi kwenye gia huru, ongeza mwendo wa injini kidogo kidogo, tuseme kutoka mizunguko 1,000 kwa dakika mpaka 1,500, halafu 2,500. Mlio unaotoweka injini ikichangamka ni mmoja, na mlio unaopanda sauti kama filimbi kadiri unavyoongeza mafuta ni mwingine kabisa.

Swali la nne huulizwa kwa historia. Mlio unatokea injini ikiwa baridi au ikiwa moto? Ulianza ghafla au ulikuja polepole kwa miezi? Ulianza baada ya kubadilisha oili? Baada ya kupanda mlima mrefu na mzigo? Sisi tunaofanya kazi ofisini tunajua kwamba jalada lisilo na madokezo ya nyuma halina uamuzi mzuri mbele. Pikipiki nayo iwe na jalada lake.

MILIO NA MAANA YAKE

Sasa nitaje milio ambayo msafiri hukutana nayo zaidi.

Wa kwanza ni mlio wa kugongagonga, kama punje za mahindi makavu zinazotikiswa ndani ya debe. Husikika pikipiki ikiwa imesimama, mkono umeachiwa, injini ikinguruma taratibu. Ukibana mkono, unapungua au kutoweka. Ukiongeza mafuta kidogo, unatoweka pia. Huyu mara nyingi ni bakuli la klachi na zile springi za nyuma yake. Injini inapozunguka polepole, kila mlipuko wa silinda ni kama teke, na kati ya teke na teke gia hurudi nyuma kidogo. Springi zikilegea, kurudi huko hugeuka kuwa mgongano. Katika injini nyingi kubwa mlio huu mdogo ni wa kawaida tangu pikipiki ikiwa mpya. Ukiongezeka mwaka hadi mwaka, unafuatiliwa. Si wa kukosesha mtu usingizi.

Wa pili ni mvumo, si mgongano. Hutokea mkono ukiwa umeachiwa na gia ikiwa huru, hutoweka ukibana na kuingiza gia ya kwanza, lakini ukiongeza mafuta haupotei bali hupanda. Huyu si bakuli. Mshuku wa kwanza ni beringi ya shafti inayoingia katika giaboksi. Mnaona? Milio miwili yote inatoweka ukibana mkono. Anayeuliza swali moja tu ataichanganya, atanunua bakuli jipya, na mvumo utamfuata mpaka nyumbani.

Wa tatu ni kinyume cha hao. Kimya ukiachia, lakini ukianza kubana tu unasikia kulialia kama panya, au mkwaruzo mwembamba. Huyu ni ile beringi ndogo ya kuachanisha, au kijiti kinachoisukuma. Hufa kwa sababu nyingi, na mojawapo ni tabia: mtu husimama kwenye taa za barabarani akiwa ameingiza gia na kubana klachi dakika nzima, kila taa, kila siku. Weka gia huru, achia mkono, uipumzishe. Beringi hii ni ndogo na bei yake si kitu ukilinganisha na madhara yake. Mwenzetu mmoja tuliyesoma naye hapa aliisikia ikilia kwa wiki kadhaa. Siku alipokuwa akisafiri na mkewe kuelekea Iringa, jioni saa kumi na mbili na nusu, beringi ilisagika wakiwa kwenye kile kipande cha barabara kuu kinachopita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Mkono wa klachi ukawa tepe, hauna kazi, na ndani ya injini kukawa na vipande vya chuma. Giza liliwakuta hapo, tembo wakivunja matawi ng'ambo ya barabara, mpaka dereva mmoja wa lori akawahurumia na kuwapakia pamoja na chombo chao. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua.

Wa nne hutokea wakati wa kuondoka. Unaachia mkono polepole, na pikipiki badala ya kuteleza mbele kwa ulaini inatetemeka na kutoa mguno au mlio mkali. Hapa tazama pleti. Zaweza kuwa zimeungua na kung'aa kama kioo, au za chuma zimepinda kwa joto. Pia tazama vidole vya bakuli. Njooni baadaye mguse hivi vya hapa mezani: masikio ya pleti yamechimba mikato ubavuni. Pleti haiwezi tena kuteleza vizuri. Hukwama katika mkato, kisha hujinasua kwa mshtuko. Joto hili wengi hulitengeneza wenyewe. Ukipanda Kitonga nyuma ya lori lililosheheni, ukawa unaishikilia klachi nusu kwa nusu ili usizime, unazikaanga pleti. Afadhali kusimama pembeni kwa usalama, kusubiri lori litangulie, kisha kupanda kwa gia ya chini huku mkono umeachiwa.

Kupinda kwa pleti ya chuma hakupimwi kwa macho. Ilaze juu ya kioo kinene kilichonyooka na upitishe chini yake kile kipimo cha vibati vyembamba. Katika pikipiki nyingi kikomo ni kama milimita 0.3, lakini neno la mwisho ni la kitabu cha pikipiki yako. Pleti za msuguano nazo hupimwa unene, na kati ya mpya na iliyokwisha tofauti haifiki hata milimita moja. Kwa hiyo anayekwambia, "Naziona bado nzima," bila kupima, anakupa maoni tu.

Wa tano ni kishindo cha kuingiza gia ya kwanza. Kishindo kimoja asubuhi, injini ikiwa baridi, ni cha kawaida, kwani oili nzito imezigandisha pleti pamoja. Lakini kikiwa kikubwa hata injini ikiwa moto, na pikipiki ikataka kusogea mbele ingawa umebana mkono, klachi haiachani sawasawa. Anza na yaliyo rahisi. Kama ni ya waya, tazama uhuru wa mkono: pikipiki nyingi za Kijapani hutaka ncha ya mkono icheze milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kubana. Kama ni ya majimaji, huenda kuna hewa katika bomba au maji yamezeeka. Nyingi hutumia maji ya breki ya DOT 4, lakini zipo zinazotaka oili maalumu ya madini, na ukichanganya mipira ya ndani huharibika. Soma kilichoandikwa juu ya kifuniko.

Wa sita ni ule wa klachi kavu. Katika Ducati ya aina niliyoitaja, ukibana mkono utasikia kelele kama ya sufuria za jikoni zikiporomoka. Masikio ya pleti yanacheza kati ya vidole vya bakuli, na hakuna oili ya kuyanyamazisha. Ni sauti ya ukoo, japo huzidi kadiri chuma kinavyolika. Katika BMW za zamani zenye klachi kavu, pleti huteleza juu ya meno ya shafti ya giaboksi, na meno hayo yakikauka grisi klachi huachana kwa shida na gia huwa nzito. Sauti ileile iliyo salama katika ukoo mmoja yaweza kuwa hatari katika mwingine.

Upo mwisho ugonjwa usio na mlio wowote. Unaongeza mafuta, injini inapiga kelele, lakini mwendo hauongezeki. Klachi inateleza. Chanzo chaweza kuwa pleti zilizokwisha, waya uliokazwa mno, au oili. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, navyo huponza klachi inayoogelea ndani ya oili hiyohiyo. Ndiyo maana Wajapani waliweka mwaka 1998 kipimo chao cha JASO kwa oili za pikipiki. Kwa klachi yenye oili tafuta herufi MA, au MA1 na MA2 zilizoongezwa mwaka 2006. Herufi MB ni za oili yenye msuguano mdogo, kwa vyombo ambavyo klachi yake haimo ndani ya oili hiyo, kama skuta nyingi.

KESI YA KABURETA NNE

Naomba niwape mfano mmoja wa jinsi utaratibu huu unavyookoa fedha. Pikipiki yangu ni ya silinda nne, ya zamani kidogo, yenye kabureta nne. Miaka michache iliyopita ilianza ule mlio wa mahindi ndani ya debe, tena kwa nguvu. Gereji moja ilitoa hukumu palepale: bakuli la klachi limekwisha, liagizwe jipya kutoka ng'ambo. Bei niliyotajiwa ilizidi mshahara wangu wa mwezi.

Nikarudi nyumbani nikafungua daftari. Mlio ulikuwapo injini ikiwa moto, gia huru, mkono umeachiwa. Ulitoweka kwenye mizunguko 1,500. Barabarani haukuwapo kabisa. Oili ilikuwa sahihi na mpya. Lakini palikuwa na dokezo jingine: mlio ulianza wiki ileile ambayo kabureta zilifunguliwa kusafishwa.

Fikirini kwa hesabu ya kidato cha pili. Injini ya silinda nne hulipuka mara mbili kwa kila mzunguko. Kwa mizunguko 1,000, hiyo ni milipuko 2,000 kwa dakika. Milipuko ikilingana, gia ya bakuli husukumwa sawasawa. Lakini kabureta moja ikipitisha mchanganyiko mwingi na nyingine kidogo, silinda hupiga teke kali, kisha dhaifu, kisha kali, na bakuli hupigwa mbele na nyuma kama mlango katika upepo. Klachi ndiyo inayolia, lakini anayeipiga ni kabureta.

Nikamtafuta fundi mwenye geji za kupima mfyonzo wa hewa wa kila silinda. Alizisawazisha kabureta zote nne kwa muda usiozidi saa moja, na malipo yake yalikuwa sehemu ndogo sana ya bei ile ya kwanza. Mlio ukashuka hadi kuwa ule mdogo wa kawaida, na mpaka leo bakuli ni lilelile.

WAKATI WA KUSIMAMA

Sisemi kwamba kila mlio uvumiliwe. Usiendelee na safari ikiwa mlio umeanza ghafla ukiwa mwendoni, ikiwa umeambatana na mkono wa klachi kubadilika uzito, ikiwa unazidi kila ukivuta mzigo, au ikiwa oili uliyomwaga ina vipande vya chuma unavyoweza kuvishika. Nati ya kitovu cha klachi ikilegea, au beringi ikisagika, hupati onyo la pili. Ubovu huo hufunguliwa siku hiyohiyo. Wahenga hawakukosea juu ya ufa na ukuta.

MASIKIO YA FUNDI NA DAFTARI LA MWANAFUNZI

Wadogo zangu, mwaka 1816 mjini Paris daktari René Laennec alikunja karatasi kuwa bomba, akaliweka kifuani mwa mgonjwa, akasikiliza moyo. Huo ulikuwa mwanzo wa kile chombo ambacho madaktari wetu huning'iniza shingoni. Lakini sifa yake haikuwa bomba tu. Kila alichosikia alikiandika, na mgonjwa alipofariki na kupasuliwa, alilinganisha sauti ile na alichokuta ndani. Hivyo ndivyo kelele ilivyogeuka kuwa elimu.

Fundi mzuri wa mtaani hufanya jambo hilohilo. Huweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya mfuniko wa injini, mpini sikioni, mbali na kila kinachozunguka, na baada ya kufungua hukumbuka alichosikia. Nimekutana na fundi asiyemaliza darasa la saba aliyetenganisha beringi na bakuli kwa sikio kabla sijamaliza kueleza. Nimekutana pia na wenye shahada, kama mimi, wanaoona haya kushika bisibisi. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alikemea elimu inayomtenga mwenye kusoma na kazi za mikono. Mimi naongeza dogo: fundi ana masikio, nanyi mna daftari. Maabara imewafundisha kubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja na kuandika matokeo. Vikikutana hivyo viwili, msafiri atafika salama na fedha yake itabaki mfukoni.

Na baadhi yenu, tuseme kweli, mtaendesha bodaboda kabla ya kuendesha ofisi. Siyo aibu. Klachi ya chombo hicho ndiyo chakula cha jioni cha mwenye chombo, na siku moja ya kulala gereji ni siku moja ya watoto kulala na njaa.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa ombi. Wanafunzi wa sayansi wa shule hii husoma habari za msuguano ubaoni, lakini wengi hawajawahi kushika kitu kinachofanya kazi kwa msuguano. Naomba Chama chetu kikubali kununua injini moja mbovu ya pikipiki, ikatwe ubavu ili mambo ya ndani yaonekane, iwekwe kwenye benchi la maabara pamoja na kipimo cha vibati na kioo kinene. Gharama yake haitazidi chakula tulichokula leo mchana. Mchango wa kwanza ni bakuli hili na pleti zake zote, ambavyo naviacha hapa mezani. Wanafunzi waje mbele sasa, wavishike, wahesabu pleti, na watafute ule mkato kwenye vidole.